Jini Naye Alipe Nauli

Nilipoanza kutuma simulizi yangu ya mfululizo kwenye kundi la WhatsApp, nilijiandaa kujibu swali moja: mtunzi, unaamini majini wapo? Sikuulizwa, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza. Nilichoulizwa na mama mmoja anayeuza samaki aina ya migebuka sokoni Mwanga, hapa Kigoma, ni hiki: kwa nini jini wako alipopanda boti Kibirizi kwenda Kagunga katozwa nauli ndogo kuliko wenzake? "Ana nini cha kupunguziwa huyo? Nafasi kakalia, mzigo anao." Wengine wakamuunga mkono. Siku nzima kundi likazozana juu ya nauli ya jini, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba jini yumo botini.

Nilikuwa nimempunguzia kwa makusudi, maana nahodha alimwogopa. Wasomaji hawakuitaka sababu hiyo, walitaka alipe. Katika sehemu iliyofuata akalipa nauli kamili, nahodha akamrudishia chenji mkono ukimtetemeka, na hiyo ndiyo sehemu iliyosambazwa kuliko zote za mwanzo.

Hadithi za aina hii, za watu wa kawaida wanaoishi mji mmoja na viumbe wasio watu, zina wapenzi wengi Marekani na Uingereza. Nimezisoma kwenye simu, nyingine kwa kubahatisha Kiingereza. Utakuta mnyonya damu anamiliki kilabu cha usiku, mchawi kafungua ofisi ya upelelezi Chicago, mungu wa mto anazozana na polisi London. Mwandishi wa kule huanza na kazi ya pazia. Lazima aeleze kwa nini watu mamilioni hawaoni kinachotokea mlango wa pili. Kama viumbe hao wamejitangaza, aeleze walijitangaza lini na serikali ikafanya nini. Jasho lake kubwa linamwagika hapo.

Kigoma pazia halina kazi. Msomaji wangu kakua akikatazwa kupiga mluzi usiku. Habari za chunusi, pepo wa maji anayevuta watoto wanaoogelea, anazo. Babu yake kamsimulia mumiani, wale wanyonya damu waliotisha miji ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ambao uvumi uliwapandisha hadi kwenye magari ya zimamoto. (Anayesema viumbe wa mjini ni mambo ya Wazungu amkumbuke mumiani. Huyo hakuwa wa porini, alikuwa na gari na mshahara.) Kwa hiyo nikimleta jini, simshawishi mtu kitu. Ninachodaiwa ni kumpangia maisha: atalala wapi, atamwamkia nani kwanza, atalipa nini, akikosea atashitakiwa kwa nani.

Simulizi yenyewe naiita Wapangaji. Mama Tausi ni mjane mwenye nyumba Gungu, vyumba vya mbele na vya uani, bafu moja, bomba moja. Anapangisha kwa yeyote mwenye kodi ya miezi mitatu mkononi. Chumba cha uani yuko Sharifu, jini wa makamo aliyetoka Tabora kutafuta kibarua bandarini. Jirani yake ni Zawadi, binti wa watu wa ziwani, anayesomea ukunga. Chumba cha pembeni, kile kisichopangishika kwa binadamu kwa sababu ya unyevu, kakaa mpagazi aliyekufa zamani kwenye njia ya misafara. Wote wanajulikana mtaani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana daftari la wakazi, nao wameandikwa humo, wanaitwa Wenzetu.

Niliwatoa hadharani kwa sababu moja. Katika nyumba ya kupanga, ambako kila mtu anajua leo umekaanga nini na kwa mafuta ya nani, siri ya kuwa jini isingefika Ijumaa.

Somo la kwanza kubwa lilikuwa la bei ya uwezo. Sharifu anaweza kufika Dar es Salaam kwa kufumba na kufumbua. Vizuri, wakasema wasomaji, basi mbona Mama Tausi anahangaika na ada ya mwanawe? Si aende benki usiku akarudi? Hawa ni watu wanaopiga hesabu za kikoba kila wiki, huwezi kuwapa utajiri usioisha wakakaa kimya. Nikaweka sheria: kila Sharifu anaporuka hivyo, anasahau jina la mtu mmoja anayempenda, na habebi zaidi ya kile mtu anachoweza kujitwisha kichwani. Tangu hapo kuna dada Mwandiga anayeweka orodha ya majina aliyobakiza. Sharifu aliporuka kwenda kumfuatia Tausi dawa, na aliporudi akamwita mtoto "wewe binti", kundi zima lilinuna. Nguvu isiyogharimu kitu inachosha baada ya sehemu mbili tatu. Inayogharimu, watu wanaihesabu kama hela zao.

Kwa kuwa hapendi kusahau, Sharifu husafiri kwa treni. Hapa Kigoma yenyewe ilinifanyia nusu ya kazi. Wazee husema jini hapatani na chuma, na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905 na kufika kwetu 1914, ni chuma kilicholazwa kilomita zaidi ya 1,200, pengi kikifuata ilikopita njia ya zamani ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora hadi ziwani. Katika Wapangaji, majini waliokuwa wakisafiri na misafara ile waliamka siku moja wakakuta njia yao imekatwa vipande. Wakaenda kwa Mjerumani. Mkataba ukaandikwa: chumba kimoja kwenye behewa la mwisho kitakuwa na sakafu ya mbao tupu, na dirisha lake halifunguliwi hadi Kaliua. Mpaka leo Sharifu akisafiri anakaa humo, miguu kaikunja juu ya kiti kama mtu aliyeona nyoka, na tiketi anayo.

Wasomaji wa Tabora, ambao treni kwao ni habari ya nyumbani, hawakunipa nafasi ya kupumua. Tabora ndipo njia zinapogawana, hii ya Mwanza, hii ya Kigoma, hivyo walitaka kujua lile behewa la majini linakatwa wapi na nani anasimamia. Na majini wa Mwanza je, wana mkataba wao? Nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa reli, akanieleza jinsi mabehewa yanavyopangwa na kuunganishwa upya stesheni. Maelezo yake yakazaa mhusika mpya, jini kizee anayepanga mabehewa Tabora usiku kwa sauti tu, bila kugusa chuma. Sikuwa nimemwazia kabisa huyo. Alitoka kwenye swali la msomaji, akaja kuwa kipenzi cha wengi.

Ziwa nalo lilikuwa na mambo yake. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyemo kwenye kundi alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, nikausikiliza nikipika. Ziwa Tanganyika, alisema, lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, lakini uhai wa samaki uko tabaka la juu tu. Ukishuka kupita kama mita 200 hakuna oksijeni. Sehemu kubwa kabisa ya maji yetu haina samaki. Nilizima moto wa ugali nikakaa chini. Nilikuwa namfikiria Zawadi na ukoo wake kama wavuvi wa chini kwa chini, wenye nyavu zao na ugomvi wao wa dagaa. Mwalimu kanipa kitu kizuri zaidi: watu wanaoishi mahali ambapo hata samaki hawezi kuwafuata. Hawavui. Samaki wenyewe wengi wao hawajawahi kumwona akiwa hai. Basi wanagombana nini na sisi?

Wanagombania taa. Anayeijua Kigoma kajionea: usiku wa giza ziwa linawaka kama mji wa pili, vipe na mitumbwi imetandaza taa kuwaita dagaa, zamani karabai, sasa nyingi za sola. Mwezi ukikomaa taa hazivuti tena, wavuvi wanalala, wanashona nyavu. Katika Wapangaji, usiku huo wa mbalamwezi ndio siku ya gulio kwa watu wa kina, yaani ukoo wa Zawadi wa huko chini. Wanapanda juu, wanatembeleana, wanaoana. Ratiba ya wavuvi na ratiba ya wale wengine zinapishana kama zamu za kiwandani, na ugomvi unakuja pale tu mvuvi mwenye njaa anapotoka na taa usiku usio wake. Sikulazimika kutunga mila yoyote. Niliwapa wahusika kalenda ambayo kila mtu wa Kibirizi na Katonga anayo kichwani tayari.

Kisha ikaja meli yetu ya ziwani, MV Liemba. Kila mtoto wa Kigoma anajua kipande cha habari yake: ilijengwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa hapa na kuteremshwa ziwani 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikatekwa, na kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi, wakijua watu huirudia mali yao. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwa ukoo wa Zawadi, miaka iliyokaa chini ni miaka ya upangaji. Wanadai kodi. Wana hoja: meli ilirudi juu injini zikiwa nzima, nani kaitunza? Kesi hiyo nimeipeleka baraza la kata, ina sehemu zake kadhaa, na ndiyo kesi iliyonipatia wasomaji wengi wanaume, wengi wao watu wa bandarini wanaopenda hoja za kisheria kuliko mapenzi. Nusu wanamtetea Zawadi. Nusu wanasema mpangaji hawezi kudaiwa kodi ya nyumba aliyotupwa ndani yake.

Mpaka hapo ilikuwa raha. Ugumu ulianza pale wasomaji walipotaka Wenzetu wabebe mambo yetu.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, shughuli za uvuvi zilisimamishwa ziwani ili samaki wapate kuzaliana. Nilikuwa katikati ya msimu. Kundini mwangu kuna wavuvi, wake zao, wachuuzi wa dagaa, wabeba mizigo wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa. Ilikuwa miezi mizito. Wakaanza kuniomba, kwa utani kwanza halafu kwa dhati: mtunzi, andika kwamba watu wa kina ndio walioagiza ziwa lifungwe. Ingenoga kweli. Sehemu moja ya kutisha, mjumbe anapanda kutoka gizani na amri, kila kitu kinapata maana. Nilikataa. Ziwa lilifungwa na watu, kwa sababu watu wamevua sana, na waliokuwa na hasira walistahili kubaki na mtu wa kumuuliza. Nikimtupia mzimu uamuzi huo, mvuvi wangu hana tena pa kupeleka swali lake: kwa nini hivi, kwa nini muda huu, sisi tule nini? Mzimu hajibu barua. Nilichofanya ni kuandika watu wa kina wakishangaa ule ukimya, wakipanda hata usiku wa giza, na Zawadi akiona aibu ya kuwa na furaha wakati Mama Tausi hana wa kumlipa kodi.

Jambo lilelile lilitokea kwa mpagazi. Mfu huyu anazunguka Ujiji akitafuta wa kumlipa posho yake, kwa maana alifia njiani na mzigo wa pembe. Kijana mmoja akapendekeza ifichuliwe kwamba ukatili wote wa misafara ulitokana na majini walioingia vichwani mwa wafanyabiashara. Ujiji tunaishi wajukuu wa waliobeba na wajukuu wa waliobebesha, mara nyingi kwenye familia moja, na mzee wangu mmoja wa upande wa mama aliniambia kitu kimoja tu nilipomsomea rasimu: "Mwanangu, usitaje msafara ni wa nani, lakini usiseme haikuwa kazi ya watu." Nikafuata. Sharifu anaujua msafara ule, alikuwepo. Ukimuuliza nani alimwacha mpagazi njiani, anakutajia binadamu, na hasahau jina hilo hata akiruka.

Kuna sheria moja niliyoiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu kabla ya kumpa mhusika yeyote jina: katika dunia ya Wapangaji, hakuna kiungo cha mwili wa mtu chenye nguvu yoyote. Hakuna nywele, hakuna mfupa, hakuna damu ya kuleta mali. Mwandishi wa London anaweza kuamka akaandika dawa ya mifupa na asubuhi mji ukaendelea na kazi. Huku kwetu wenzetu wenye ualbino wamewindwa kwa hadithi ya namna hiyohiyo. Vikongwe wameuawa Tabora, Shinyanga na Mwanza kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Nchi ina Sheria ya Uchawi tangu 1928 na mauaji yameendelea. Mimi sina kiburi cha kudhani simulizi ya simu inaua, ila najua inasomwa na nani na saa ngapi, na wapi.

Ndiyo maana nyumba ya Mama Tausi haipo. Gungu ipo, lakini mtaa wake nimeubana katikati ya nyumba mbili ambazo kwa kweli zinapakana ukuta kwa ukuta. Watu waliwahi kuanza kuotea, "si ile yenye mlango wa bluu?", na nikawajibu palepale kwa kuhamisha choo, mwembe na mlango katika sehemu iliyofuata, Mama Tausi akilalamika kwamba nyumba ya kupangisha majini haitulii. Wakacheka, wakaacha kuotea. Na katika Wenzetu wote hakuna bibi kizee mbaya. Wabaya wangu ni wanaume wa makamo wenye nguo zilizopigwa pasi, na sijasikia popote mtu kama huyo akivamiwa usiku kwa kudhaniwa mchawi.

Dini ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Qurani ina sura nzima inayoitwa Majini, ya 72, na ustadhi mmoja aliye kundini akanikumbusha kwa upole kwamba hao ni viumbe wenye waumini na wasioamini miongoni mwao. Sharifu anaswali, basi. Wakristo wachache walijitoa wakisema natukuza mapepo, baadhi wamerudi kwa namba nyingine, nawatambua kwa wanavyoandika.

Kuhusu fedha sina mengi. Sehemu za mwanzo bure, anayetaka zote anatuma elfu moja. Wapo wanaonunua wakasambaza, wapo wanaofuta jina la mtunzi wakaweka lao, na mmoja aliwahi kuniuzia simulizi yangu mwenyewe. Nilinunua. Nilitaka kuona kama kaongeza kitu.

Kinachoniweka macho kwa sasa ni msimu ujao. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, treni za umeme, na wasomaji wamekwisha kutangulia mbele yangu. Mkataba wa majini wa 1914 ulihusu reli ile ya zamani. Je, unahamia kwenye mpya? Mzee wangu wa reli anasema hauhami: njia nyingine, waende wakaanze upya kama abiria yeyote. Wale wa Tabora wanataka jini kizee wa mabehewa apewe kazi kwenye stesheni mpya, wakati kazi yake yote ilikuwa kuita behewa kwa sauti na huku mambo yanaendeshwa kwa kompyuta. Dada wa Mwandiga kaleta hoja iliyonikwamisha kabisa: treni ikiwa ya haraka kiasi hicho, Sharifu hatahitaji tena kuruka, hatasahau tena jina la mtu, na sasa mtunzi utatutoa machozi kwa kitu gani? Nimemwambia anipe mpaka mwezi ukomae. Kanijibu ana arosto, nisimletee habari za mwezi, na kwamba bei ya tiketi ya Sharifu nimwandikie mapema ailinganishe na ya binadamu.